Rada Haioni Ukuta



Nianze na jambo ambalo wauza mitambo hawapendi kulisikia. Rada ya kupenya ardhi haioni ukuta. Haioni kaburi, haioni jahazi, haioni chungu wala dhahabu. Inachokiona ni tofauti, basi: pale ambapo udongo wa aina moja unakoma na kitu cha aina nyingine kinaanza. Maneno yote yanayofuata, kwamba huu ni msikiti, kile ni chumba, pale kazikwa mtu, huongezwa na binadamu aliyekaa mbele ya kompyuta. Kati ya ile tofauti na haya maneno kuna pengo. Humo ndimo akiolojia ya miaka hii ilimopatia sifa zake kubwa, na ndimo ilimofedheheka.

Chombo chenyewe hakitishi. Ni sanduku lenye antena mbili, linaloburutwa chini au kusukumwa kwa kitoroli. Antena moja hutuma ardhini mapigo mafupi mno ya mawimbi ya redio. Nyingine hungoja mwangwi. Pigo likikuta mpaka baina ya vitu viwili visivyofanana kwa tabia za umeme, mathalani mchanga mkavu na sakafu ya chokaa, sehemu yake hurudi juu, na iliyobaki huendelea kushuka hadi ikutane na mpaka mwingine au iishiwe nguvu. Fundi mwashi anayegonga plasta kwa kifundo cha kidole, asikie palipo wazi nyuma yake, anafanya kazi ya jamii hiyohiyo, ila yeye hahitaji hesabu.

Sisi tunaihitaji, na naomba mnivumilie kidogo. Rada haipimi kina. Hupima muda, tena kwa nanosekunde, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Hewani wimbi la redio hukata sentimita 30 kwa nanosekunde moja. Katika mchanga mkavu hukata kama sentimita 15. Katika udongo uliolowa sana huweza kushuka hadi sentimita 6, kwa sababu maji huyachelewesha mawimbi kuliko karibu kitu kingine chochote kilichomo ardhini. Sasa tuseme mwangwi umerudi baada ya nanosekunde 20. Nusu ya muda huo ni ya kwenda, nusu ya kurudi. Kama ardhi ni mchanga mkavu, kitu kipo mita 1.5 chini ya miguu yako. Kama imelowa, kipo sentimita 60 tu. Mwangwi ni uleule, saa ni ileile, lakini mtu mmoja atachimba shimo la kumfika kifuani na mwingine la kumfika gotini. Ndiyo maana mtaalamu mwaminifu anapokuonyesha picha yenye kipimo cha mita pembeni, unayo haki ya kumuuliza kasi ameipata wapi. Njia mojawapo ni kusoma umbo la mwangwi wenyewe. Antena haitumi mwale mwembamba. Husambaza mawimbi mbele na nyuma, kwa hiyo hulisikia jiwe kabla halijafikiwa na huendelea kulisikia baada ya kulipita. Jiwe moja huchorwa kama upinde, na upana wa upinde huo ndio unaofichua kasi ya wimbi katika udongo wa mahali pale.

Kuna jambo la pili la kimaumbile ambalo halina njia ya mkato. Masafa ya chini huzama mbali lakini huona vitu vikubwa tu. Masafa ya juu huona vidogo lakini hufa mapema. Wanaakiolojia wengi hutumia antena za megahezi 200 hadi 600. Kwa megahezi 400 katika mchanga mkavu, urefu wa wimbi ni kama sentimita 37, na tabaka mbili zilizokaribiana kwa chini ya robo ya urefu huo, karibu sentimita 9, huonekana kama moja. Ushanga hauonekani. Sarafu moja haionekani, labda kwa bahati ya mtende. Nalitaja hili kwa sababu najua baada ya mhadhara kama huu hakosi mtu wa kunivuta pembeni kuniuliza habari za mali ya Wajerumani, ile inayosemekana ilizikwa chini ya maboma yao wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Namjibu kabla hajauliza: mtambo huu hauandiki "dhahabu" kwenye kioo, na wanaochimbuachimbua maboma hayo usiku wanaharibu ushahidi wa historia na kuvunja sheria ya mambo ya kale kwa ajili ya hekaya.

Adui wakubwa wa rada ni wawili: udongo wa mfinyanzi wenye maji, na chumvi. Vyote viwili hupitisha umeme vizuri, na kinachopitisha umeme hulimeza wimbi. Katika mfinyanzi uliolowa unaweza usipate hata mita moja. Palipoingia maji ya bahari, funga mitambo urudi nyumbani.

Historia nitaipitia haraka. Wazo la kutafuta vitu ardhini kwa mawimbi ya redio liliandikiwa hataza nchini Ujerumani mwaka 1910. Mwaka 1929 unene wa barafu ya mlimani ulipimwa Austria kwa njia hiyo. Apollo 17 ilibeba chombo cha aina hii mwaka 1972 kuchungulia chini ya uso wa mwezi. Muongo huohuo wanaakiolojia wa Marekani walianza kukijaribu katika magofu ya Chaco Canyon, jimbo la New Mexico. Lakini kisa kinachotuhusu zaidi kilitokea El Salvador, na hapo nitakaa.

Mwaka 1976 tingatinga lililokuwa likisawazisha kiwanja mahali paitwapo Joya de Cerén lilichana nyumba iliyofunikwa na majivu ya volkano. Watu walidhani ni ya karibuni tu. Mwanaakiolojia Payson Sheets alipofika alitambua kwamba kijiji kizima kilikuwa kimezikwa na mlipuko wa karne ya saba hivi, chini ya mita kadhaa za majivu, na kwamba wenyeji wake walikimbia wakiacha maharage kwenye vyungu na mahindi shambani. Swali likawa nyumba nyingine ziko wapi. Hakuna awezaye kuchimba mita nne au tano za majivu kila mahali kwa kubahatisha. Mwaka 1979 wakaleta rada, ambayo enzi hizo ilikuwa mzigo mzito, wakaipakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Msicheke. Ng'ombe hutembea polepole kwa mwendo usiobadilika, na mkokoteni wa mbao haumsumbui mpimaji kwa chuma chake na injini yake. Gari lisingeifanya kazi hiyo vizuri hivyo.

Mwangwi ulirudi kwa nguvu kutoka kwenye sakafu za nyumba. Na nyumba zenyewe zilikuwa za nini? Nyingi zilikuwa za fito na udongo, jamii moja na nyumba ambazo wengi wetu tumezaliwa ndani yake. Sakafu ya udongo ulioshindiliwa, juu yake majivu mepesi yenye matundu: vitu viwili vilivyo mbali kabisa kwa tabia, na mpaka wao ni safi. Miaka ya 1990 Lawrence Conyers alizifanyia kazi data za pale kwa kompyuta na kuweza kuchora uso wa ardhi ya zamani ulivyokuwa siku ya mlipuko, miinuko na mabonde yake. Shikeni hili: udongo ulionekana kwa sababu ya kilichoufunika. Nitalirudia tukifika pwani.

Kutoka mkokoteni wa ng'ombe hadi leo mambo yamekwenda mbali. Falerii Novi ni mji wa Kirumi ulioanzishwa mwaka 241 kabla ya Kristo, kilomita kama 50 kaskazini mwa Roma. Leo ni shamba, na kuta za mji zimelizunguka. Timu ya vyuo vikuu vya Cambridge na Ghent ilifunga safu ya antena nyuma ya pikipiki ya magurudumu manne ikapima eneo lote lililo ndani ya kuta, hekta 30.5, ikichukua kipimo kila sentimita 12.5. Mwaka 2020 walichapisha ramani ya mji mzima bila kuuchimba: hekalu, soko, mabafu ya umma, mabomba ya maji yanayopita hata chini ya majengo badala ya kufuata barabara tu, na karibu na lango la kaskazini uwanja mkubwa wenye safu za nguzo ambao hawajaona mfano wake. Kwa kuwa mwangwi wa kila kina unaweza kutengwa na wa kina kingine, waliukata mji vipande vya mlalo, kimoja chini ya kingine.

Kilichonivutia mimi si pikipiki. Ni kile walichokisema kuhusu kazi iliyofuata. Vipimo vilizidi bilioni 28, na kuandika kwa mkono kila kinachoonekana katika hekta moja tu kulichukua kama saa 20 za mtaalamu. Mtambo ulimaliza kazi yake, binadamu ndio wakabaki nyuma. Anayedhani kununua rada ndiko kumaliza shughuli na aizidishe 20 kwa 30.5.

Sasa tuingie kwenye aibu, maana humo ndimo mna mafunzo.

Kaburi la Tutankhamun, katika Bonde la Wafalme huko Misri, liligunduliwa na Howard Carter Novemba 1922. Mwaka 2015 Nicholas Reeves, bingwa wa Misri ya kale kutoka Uingereza, alichunguza picha za kina za kuta za chumba cha maziko akaona mistari iliyonyooka chini ya rangi. Akaandika kwamba huenda katika ukuta wa kaskazini na wa magharibi kuna milango iliyozibwa, na huenda Malkia Nefertiti amelala ng'ambo. Lilikuwa wazo la kisomi, nalo linapimika. Novemba mwaka huohuo mtaalamu wa rada kutoka Japani, Hirokatsu Watanabe, alipima kuta hizo, na aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Kale, Mamdouh Eldamaty, akautangazia ulimwengu kuwa ana uhakika wa asilimia 90 kwamba kuna chumba kingine. Machi 2016 tangazo likanenepa: nyuma ya ukuta kuna vitu, na huenda ni vya metali na vya asili ya viumbe hai.

Hapo tusimame. Metali naielewa, maana hurudisha karibu wimbi lote na mwangwi wake ni mkali. Lakini vitu vya asili ya viumbe hai? Mbao, nguo, mkate wa kuzikiwa? Hakuna mwangwi wenye jina hilo. Na ile asilimia 90, ni 90 ya nini? Ili useme asilimia lazima uwe umepima kuta nyingi kama hizo, ukazifungua, ukahesabu mara ulizopatia na mara ulizokosa. Hakuna aliyekuwa na hesabu ya namna hiyo.

Mwishoni mwa Machi 2016 wataalamu waliotumwa na National Geographic walipima tena, na walioisoma data hiyo hawakukiona chumba. Mwaka 2018 timu ya Politecnico di Torino ikiongozwa na Francesco Porcelli ikaingia na mitambo mitatu ya masafa mbalimbali, kuanzia megahezi 200 hadi gigahezi 2. Jibu lao lilikuwa kwamba hakuna vyumba vilivyofichwa nyuma ya kuta zile. Mwaka 2020 zikaripotiwa dalili nyingine mita chache nje ya kaburi, na mjadala ukafufuka. Mimi simlaumu Reeves hata kidogo. Alitoa hoja inayoweza kukanushwa, na hiyo ndiyo kazi ya msomi. Ninachokilaumu ni haraka ya kugeuza mstari wa kwenye kioo kuwa habari ya saa mbili usiku. Mwamba wa bonde lile ni wa chokaa wenye nyufa za asili, na ufa nao ni tofauti. Zaidi ya hayo, ndani ya chumba kidogo sehemu ya mawimbi huvuja hewani, hugonga ukuta wa nyuma au mtu aliyesimama, kisha hurudi kwenye antena ikijifanya imetoka ndani ya mwamba.

Waingereza nao walipata yao. Septemba 2015 ilitangazwa kwamba chini ya ukingo wa udongo wa Durrington Walls, karibu na Stonehenge, rada imeonyesha safu ya mawe makubwa yaliyolazwa, yapata 90. Magazeti yakaibatiza jina la Stonehenge kubwa zaidi. Agosti 2016 wakachimba. Hapakuwa na jiwe hata moja. Palikuwa na mashimo makubwa yaliyowahi kusimikwa nguzo za miti. Nguzo ziling'olewa zamani zilezile na mashimo yakajazwa vifusi vya chokaa. Rada haikusema uongo. Tofauti ilikuwepo, mahali palepale, kwa mpangilio uleule. Neno "mawe" lilitoka kwa watu. Nawasifu kwa jambo moja: walichimba ndani ya mwaka mmoja, wakatangaza matokeo yaliyowaumbua.

Tena kuna kupatia ambako ndani yake mna kukosa. Huko Gjellestad, Norway, mkulima alitaka kuchimba mifereji shambani mwake. Mwaka 2018 rada ikapitishwa kwanza, na umbo la meli ya Waviking, kama mita 20, likatokea wazi kiasi kwamba hata mtoto angelitambua. Uchimbaji ulioanza mwaka 2020 ulikuta meli kweli, lakini mbao nyingi zilikuwa zimeoza, zimebaki misumari ya chuma na alama ya mbao kwenye udongo. Umbo lilikuwa kamili. Hali ya kitu chenyewe rada haikuweza kuieleza.

Turudi kwetu. Je, rada inafaa pwani ya Waswahili? Jibu langu ni ndiyo, kwa masharti, na sharti moja si la fizikia.

Mchanga mkavu wa visiwani ni rafiki wa rada mradi uwe juu ya maji ya chumvi. Sakafu za chokaa, kuta za matumbawe zilizofunikwa, visima vilivyofukiwa na mabirika, vyote vina nafasi nzuri ya kurudisha mwangwi. Ukisogea kwenye mikoko, sahau. Lakini hebu angalieni ni nini hicho nilichokitaja: ni vitu vya watu waliokuwa nacho. Akiolojia ya pwani kwa miongo mingi ilifuata mawe. James Kirkman alianza kuchimba Gede mwaka 1948, Neville Chittick akachimba Kilwa miaka ya 1960, na kazi zao ni kubwa, hatuna budi kuzisoma. Hata hivyo jicho lao lilivutwa na misikiti, majumba na makaburi yenye minara. Wengi wa wenyeji wa miji ile waliishi katika nyumba za miti na udongo. Nyumba hizo zikianguka, udongo wa ukuta hurudi kuwa udongo wa kiwanja. Cerén palikuwa na majivu ya volkano ya kutenganisha, Kilwa hapana. Rada ikipita juu yake huenda isisikie kitu, nasi tukaandika kwenye ramani "patupu". Hapo mtambo wa kisasa utakuwa umerudia upendeleo wa zamani, safari hii kwa sura ya sayansi.

Wenzetu waliofanya kazi Songo Mnara, mji wa karne ya 14 hadi ya 16 katika visiwa vya Kilwa, walilijua hilo. Timu ya Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher, ikishirikiana na wapimaji wakiongozwa na Kate Welham, ilitumia vipimo vya sumaku na vya sumaku-umeme. Udongo uliopata moto, jikoni, kwenye tanuri au nyumba ilipoungua, hubadilika kisumaku na kubaki hivyo kwa karne nyingi. Unguja Ukuu nako vipimo vya sumaku vilisaidia kuonyesha mpangilio wa makazi ya kale ambayo juu ya ardhi hayana alama. Kwa hiyo mtu akiniambia analeta rada pwani, namuuliza kama ameleta na kipima-sumaku. Asipokuwa nacho, atanionyesha matajiri tu.

Makaburi ni suala la peke yake, na kwangu ndiyo hoja nzito kuliko zote ya kuitaka rada. Mifupa yenyewe kwa kawaida haionekani. Kinachoonekana ni shimo: udongo uliochimbwa na kurudishwa haulingani tena na wa pembeni. Katika jimbo la Florida, Marekani, kwenye shule ya kurekebisha tabia ya Dozier, uchunguzi wa serikali ulikuwa umehesabu makaburi 31. Wanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha South Florida, wakiongozwa na Erin Kimmerle, walipima kwa rada na mbinu nyingine, kisha wakachimba kuanzia mwaka 2013. Walikuta maziko 55, mengine msituni nje kabisa ya eneo lililowekewa misalaba. Familia zilikuwa zikisema hivyo miaka yote.

Kwetu maziko ya Kiislamu yana mwanandani, ile nafasi ya pembeni ndani ya kaburi anamolazwa maiti na kufunikwa kwa viunza. Kaburi la namna hiyo lina umbo lake, na likiwa kwenye mchanga mkavu lina nafasi ya kusomeka. Lakini hapa sitaki mtu achimbe ili kuthibitisha. Nataka barabara ikwepe. Kabla ya tingatinga kuingia katika kiwanja ambacho wazee wanasema kina makaburi, siku chache za rada zinatosha kutoa tahadhari, na tahadhari ikitolewa bure hasara yake ni mchoro wa barabara kusogezwa. Ila rada ikikaa kimya, kauli ya wazee ibaki na uzito wake, kwa kuwa kaburi la karne nyingi katika udongo mzito linaweza kupotea kabisa kwenye mtambo.

Nimalizie kwa maombi mawili, na yote yanawahusu wanaotoa vibali na wanaoshika fedha za vyuo. La kwanza: msinunue mtambo kabla ya kumsomesha mtu. Anayejua kuisoma rada na anayeijua nyumba ya Kiswahili, choo chake, daka lake, sakafu yake, awe mtu mmoja kila inapowezekana, la sivyo tutaendelea kununua picha tusizoweza kuzibishia. La pili: kila timu, ya ndani au ya nje, inayopima katika ardhi yetu iache hapa nakala ya data ghafi, si ramani ya rangi peke yake. Ramani ni tafsiri ya mtu mmoja. Kule Misri madai ya 2015 yalipimika kwa sababu wengine waliweza kupima ukuta uleule na kusoma vipimo kwa macho yao. Makumbusho ya Taifa ya nchi zetu yaandike sharti hilo ndani ya kibali chenyewe, na yaanze na kibali kitakachofuata.